MVP Baseball 2005, MLB 2K au MLB The Show: ipi inafaa konsoli uliyonayo

Anayetafuta gemu ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani, yaani MLB, hana uwanja mpana wa kuchagua kama wa soka. Nusu ya jibu inatoka kwenye konsoli iliyopo mezani. Mwenye PS2, GameCube au Xbox ya kwanza achukue MVP Baseball 2005. Mwenye PS3 achukue MLB The Show, na matoleo ya 13 na 14 ndiyo ya kuanzia kutafuta. Xbox 360 ina MLB 2K peke yake. PS4 inaishia The Show 24, na PS5, Xbox Series au Switch zinapata The Show 25. Maelezo yanayofuata yanaonyesha kwa nini iko hivyo, na ni lini ubadilishe jibu.

Leseni ndiyo iliyopanga haya yote

Besiboli ya Marekani ina leseni mbili tofauti. Ya kwanza hutolewa na ligi yenyewe: majina ya timu, nembo, jezi na viwanja. Ya pili hutolewa na chama cha wachezaji, MLBPA: majina na sura za wachezaji. Kampuni ikikosa mojawapo, gemu inatoka na pengo. Aliyecheza PES enzi za "Man Red" na "North London" analijua pengo hilo vizuri: wachezaji ni wale wale, ila klabu imevaa jina la kubandikwa.

R.B.I. Baseball ya NES, iliyotolewa na Tengen mwaka 1988 kutokana na gemu ya Namco ya Japani, ilikuwa na leseni ya wachezaji tu. Majina yalikuwa ya kweli, lakini timu ziliitwa kwa miji: Boston, Detroit, Houston na kadhalika, 8 kwa jumla, pamoja na vikosi 2 vya nyota. Ken Griffey Jr. Presents Major League Baseball ya SNES, 1994, ilikuwa kinyume chake kabisa. Nintendo walikuwa na leseni ya ligi, kwa hiyo timu zote na jezi zake zimo, lakini mchezaji mwenye jina halisi ni Griffey peke yake. Wengine wote walipewa majina ya kubuni, na mnunuzi akaachiwa kazi ya kuyaandika upya mmoja mmoja. Mwaka huo huo World Series Baseball ya Sega Genesis ilikuja na leseni zote mbili, kamera ikiwa nyuma ya mpigaji, na mpangilio huo ndio gemu za leo bado zinautumia.

Pigo kubwa lilikuja Januari 2005. Mwezi mmoja kabla yake EA, watengenezaji wa MVP Baseball, walikuwa wamejifungia soka la Kimarekani kwa mkataba wa kipekee na NFL. Take-Two, wenye chapa ya 2K, wakajibu kwa kusaini mkataba wa besiboli kuanzia 2006 hadi 2012. Mkataba ule haukufunga mlango wote: ulizuia kampuni nyingine za kutengeneza gemu, lakini wenye konsoli wenyewe, Sony, Microsoft na Nintendo, waliruhusiwa kutengeneza gemu za konsoli zao. Kati ya hao watatu ni Sony walioitumia nafasi hiyo mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana MVP ya EA ilikatika ikiwa juu, 2K ikabaki Xbox 360, na The Show ikaota mizizi PlayStation.

MLB 2K13 ilikuwa ya mwisho kwa 2K. Baada yake wenye Xbox hawakupata gemu nzito ya MLB hadi Aprili 2021, The Show 21 ilipotoka kwenye Xbox kwa makubaliano mapya yaliyotangazwa Desemba 2019. Katikati hapo walikuwa na R.B.I. Baseball iliyofufuliwa na ligi mwaka 2014, nayo ni gemu nyepesi ya vitufe vichache. The Show 22 ikafika Switch mwaka uliofuata.

| Konsoli | Gemu zilizopo | Ya kuchukua |
|---|---|---|
| PS2 | MVP 2003–2005, 2K, The Show 06–11 | MVP 2005. The Show 11 kwa vikosi vya baadaye |
| GameCube, Xbox ya kwanza | MVP 2004–2005 (Xbox pia 2003), baadhi ya 2K | MVP 2005 |
| PSP / Vita | The Show 06–11 / 12–15 | toleo la mwisho la kila moja |
| Xbox 360 | 2K6–2K13 | 2K12 au 2K13, yoyote iliyo rahisi |
| PS3 | The Show 07–16, 2K7–2K13 | The Show 13 au 14 |
| PS4 | The Show 14–24 | 20 au 24 |
| PS5, Xbox Series, Switch | The Show 21 (Switch 22) na kuendelea | 25 |

Kurusha na kupiga: hapa ndipo zinapoachana

Mpira wa kilomita 153 kwa saa, ukitupwa kutoka kilima kilicho mita 18.44 na sahani ya mpigaji, unafika kwa takribani sekunde 0.4. Katika muda huo mpigaji anatambua aina ya mpira, anaamua apige au aache, kisha anapiga. Kila gemu ya besiboli ina njia yake ya kumsaidia mchezaji afanye kazi hiyo kwa kidole gumba, na hapo ndipo ladha zinapotofautiana.

MVP 2005 ilileta Hitter's Eye. Mrushaji anapoachia mpira, mpira unawaka rangi kwa kitambo kidogo, na rangi inategemea aina: wa kasi una yake, wa kupinda una yake, wa kuzuga una yake. Huhitaji kukariri mzunguko wa nyuzi za mpira kama mpigaji halisi. Unasoma rangi, unasubiri au unawahi. Kijiti cha kushoto kinaamua mpira uende wapi: juu kwa mpira wa hewani, chini kwa wa kuviringika, pembeni kuuvuta au kuusukuma. Hakuna gemu ya besiboli niliyoiona inayomfundisha mgeni subira ya kupiga kwa haraka kama hii, na mazoezi yake madogo ya kupiga na kurusha ni ya kurudiwa hata na mzoefu.

Kurusha kwenye MVP ni kwa kipimo cha upinde. Chagua aina ya mpira kwa kitufe, elekeza kwa kijiti, shikilia kitufe ili kipimo kipande juu, achia kwa nguvu unayotaka, kisha bonyeza tena kipimo kinaporudi kwenye eneo dogo la kijani. Kosa la wanaoanza ni kujaza kipimo hadi mwisho kila mara. Mrushaji anachoka kabla ya raundi ya 6, eneo la kijani linazidi kuwa dogo, na mpira unaokosea unaishia katikati ya sahani. Rusha kwa nguvu ya wastani, weka nguvu kamili kwa straiki (kosa la mpigaji, tatu zinamtoa) ya pili na ya tatu tu. Kutupa mpira uwanjani kunafuata kanuni hiyo hiyo: ukishikilia kitufe cha kituo hadi kipimo kiingie nyekundu, mpira unampita mdakaji na mkimbiaji anaendelea.

2K, kuanzia 2K8, ilihamishia karibu kila kitu kwenye kijiti cha kulia. Kila aina ya mpira ina mchoro wake wa kuchora: unaanza kwa kuvuta, unasubiri mduara ukamilike, kisha unamalizia kwa upande unaotakiwa. Kupiga ni vivyo hivyo: kusukuma juu ni pigo la kugusa, kuvuta chini kisha kusukuma juu ni pigo la nguvu. Wazo ni zuri, na ukishalizoea kidole kinahisi uzito wa kurusha. Udhaifu wake ni mchoro ulioharakishwa. Ukichora mpira wa kupinda ovyo, haupindi. Unaelea, na mpigaji wa kompyuta hausamehi. Walinzi wa uwanjani nao wanaitikia polepole kuliko wa The Show. 2K13 ni 2K12 yenye vikosi vipya, kwa hiyo ukiipata 2K12 kwa bei nafuu usisumbuke kutafuta nyingine.

The Show haikulazimishi njia moja. Kwa kurusha kuna Classic, unayochagua na kubonyeza tu. Meter, inayofanana na ile ya MVP. Pulse, duara linalopumua. Pure Analog, ya kuvuta na kusukuma kijiti, iliyoingia na toleo la 11. Na tangu 21 kuna Pinpoint, ya kuchora umbo la mpira na kumalizia kwa wakati na pembe sahihi. Pinpoint inalipa kuliko zote kwa aliyefanya mazoezi, na inaadhibu kuliko zote kwa asiyefanya. Mgeni aanze na Meter, ahamie Pinpoint akishajua mipira ya warushaji wake.

Kwa kupiga, chaguo kubwa ni mbili. Directional inakuomba upige kwa wakati, na kijiti kionyeshe upande. Uwezo wa mchezaji wako ndio unaomalizia. Zone inakupa alama ya mviringo, iitwayo PCI, unayoisogeza hadi mahali mpira utakapopita. Zone ndiyo besiboli halisi, lakini ina sharti moja la vifaa: kijiti kizima. Padi iliyochakaa, ambayo kijiti chake kinavuta upande bila kuguswa, inaisogeza PCI sentimita chache na kukufanya upige juu ya mpira siku nzima ukidhani kosa ni lako. Kabla ya kulaumu macho, ingia mazoezi ya kupiga, achia kijiti, tazama PCI. Ikitulia katikati, padi ni nzima. Ikitambaa, badilisha padi au rudi Directional. Toleo la 25 limeongeza Ambush Hitting: unabahatisha mapema mpira utakuja upande wa ndani au wa nje, ukipatia PCI inapanuka, ukikosea inabanwa.

Mipangilio miwili ya The Show inafaa kubadilishwa kabla ya mechi ya kwanza. Kamera ya kupiga iweke Strike Zone, iliyo karibu na sahani, maana ile ya mbali ya matangazo ni nzuri kutazama na mbaya kupigia. Ugumu uweke Dynamic, ambao unapanda na kushuka kulingana na unavyocheza, hadi ujue ngazi yako. PS3 haikosi msaada pia: toleo la 13 lina hali ya wanaoanza inayoongeza ugumu taratibu.

Msimu wa mechi 162 na muda wako

Mechi kamili ya raundi 9 inakula karibu saa moja. Timu inacheza mechi 162 kwa msimu. Hesabu hiyo inawashinda wengi mwezi wa pili, kwa hiyo angalia gemu inafupisha vipi.

The Show 14 ilileta Quick Counts: gemu inaamua mipira michache ya mwanzo ya kila mpigaji, wewe unaingia hesabu ikiwa imeshafika, tuseme, mipira 2 iliyotoka nje ya eneo la kupigia na straiki 1. Mechi inapungua sana bila kupoteza maana. Kuanzia 19 kuna March to October, ambapo unaitwa kwenye nyakati muhimu za msimu tu, na matokeo yako pale yanaathiri mwendo wa timu. Mwenye familia na kazi aanzie hapo.

Kwa maisha ya mchezaji mmoja, Road to the Show imekuwapo tangu toleo la 07. Unaanza ligi za chini na kupanda. Kuanzia 21 mchezaji anaweza kurusha na kupiga pia, kwa mtindo wa Shohei Ohtani, aliyekuwa kwenye jalada la 22. Toleo la 25 linaanzia shule ya sekondari na linakuwezesha kupitia chuo kabla ya ligi.

MVP 2005 inajibu kwa Owner Mode: unajenga uwanja, unapanga bei ya tiketi na chakula, unasimamia timu pamoja na timu zake za ligi tatu za chini. Miaka ishirini baadaye bado kuna watu wanaoipenda kuliko Franchise ya The Show, yaani hali ya kuendesha timu msimu baada ya msimu, kwa sababu kila uamuzi wa fedha unauona uwanjani. Memori kadi ya PS2 ina MB 8 tu, kwa hiyo tenga moja kwa ajili yake. Na usishangae kumkuta San Francisco mpigaji hatari aitwaye Jon Dowd: ni nafasi ya Barry Bonds, ambaye hakuwa ndani ya leseni ya chama cha wachezaji.

Storylines, iliyoingia na 23, ni jambo ambalo hizo nyingine hazina kabisa. Inacheza historia ya ligi za Weusi za wakati wa ubaguzi, ikisimuliwa na Bob Kendrick wa jumba la makumbusho la ligi hizo, Kansas City. Satchel Paige na Jackie Robinson wamo kwenye 23, Josh Gibson na Toni Stone kwenye 24. Hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kuchukua 23 au 24 badala ya 20 kwa mtu anayejali historia.

Kinachokufa seva zikizimwa

Seva za kila The Show huzimwa miaka michache baada ya toleo kutoka. Za toleo la 20 zilizimwa mwisho wa 2021. Diamond Dynasty, ile ya kukusanya kadi za wachezaji, inaondoka nazo. Pesa halisi zilizowekwa kwenye kadi za toleo hilo haziendi toleo jipya. Franchise na mechi za nyumbani za watu wawili zinabaki. Kwa hiyo anayenunua toleo la zamani alinunue kwa ajili ya kucheza bila mtandao, na kwa hilo toleo la 20 la PS4 ni chaguo zuri mno: ndilo la kwanza kuwa na vikosi halisi vya ligi za chini tangu siku ya kwanza. MVP 2005 na 2K hazina mtandao tena, ila hazikuutegemea sana, na MVP hasa haipungukiwi kitu.

Sheria nazo zinatofautiana na unachokiona kwenye matangazo ya leo. Kwenye gemu za kabla ya 2022, kwa kawaida mrushaji wa timu ya Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, anapiga mwenyewe, na ni lazima ujue lini umtoe. Houston wako Ligi ya Taifa hadi 2012. Saa ya mrushaji, vituo vikubwa vya inchi 18 na marufuku ya kuwarundika walinzi upande mmoja vilianza 2023. Anayejifunza besiboli ili afuatilie msimu wa sasa atachanganywa na MVP. Anayependa ujanja wa zamani atafurahi.

Kabla ya kulipa

PS2 imefungwa kwa kanda, yaani inasoma diski za eneo lake la dunia tu. Diski ya Marekani ina namba inayoanza SLUS au SCUS, ya Ulaya SLES au SCES. Konsoli za Marekani namba zake huishia 01, kama SCPH-39001. Nyingi zilizoko Afrika Mashariki ni za Ulaya au Uingereza, zinazoishia 03 au 04, na hazitasoma SLUS bila kubadilishwa ndani. Konsoli ya PS2 iliyoagizwa Marekani kwa kawaida inataka umeme wa volti 120. Ukiichomeka kwenye 230 bila transfoma ya kupunguza unaiunguza. Diski ya GameCube inacheza kwenye Wii za kwanza zenye matundu ya padi ya GameCube juu, mradi kanda zilingane na uwe na padi na memori kadi za GameCube.

PS3, PS4, PS5 na Switch zinasoma diski au kadi za nchi yoyote. Nyongeza za kupakua za PlayStation lazima zitoke kwenye akaunti ya kanda ile ile ya diski: msimbo wa kupakua wa Marekani hauingii akaunti ya Uingereza. Xbox 360 iliyonunuliwa Dubai inaweza kuikataa 2K ya Marekani, kwa hiyo ijaribu mbele ya muuzaji. Na mwenye konsoli ya kichina ya kaseti za pini 60 ajue kwamba R.B.I. ya NES ina pini 72. Bila adapta haiingii. Katriji ya Griffey ya SNES hutunza majina uliyoandika kwa betri ya ndani iliyochomelewa. Hifadhi kitu, zima, washa tena dakika kumi baadaye. Kikipotea, betri imekwisha na inabidi fundi aibadilishe.

Mwisho angalia TV. TV bapa isiyowekwa kwenye hali ya gemu inaweza kuchelewesha picha kwa sehemu ya kumi ya sekunde, ambayo ni robo nzima ya safari ya ule mpira wa kilomita 153. Washa hali ya gemu, zima ulainishaji wa picha. Kwa PS2 na GameCube zenye waya wa rangi tatu, TV ya kichogo bado ndiyo bora: haicheleweshi. Hakikisha tu inapokea NTSC, mfumo wa picha wa Marekani, la sivyo MVP itatoka nyeusi na nyeupe, au picha itapanda na kushuka bila kutulia.